Bwawa Lililostaafu

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikishukia kijiji cha Kamuchiri, karibu na mji wa Mai Mahiu nchini Kenya, yakaua watu zaidi ya 40. Habari za kwanza asubuhi ile zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba bwawa halikuwepo: njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ya zamani ilizibwa na magogo, mawe na tope, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka yakapata pa kutokea. Siku chache baadaye serikali ikawaamuru watu waliokaa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Kwa sisi tulioishi na habari za masika ya mwaka 2018, tangazo lile lilirudisha jina moja tu, Solai, na pamoja na jina hilo likarudi swali ambalo nadhani tuliliacha katikati: bwawa la mtu binafsi ni mali ya namna gani, na kulimiliki ni kumiliki nini hasa?

Bwawa la Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Lilikuwa bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi, juu ya mteremko wenye makazi ya watu, na wasiopungua 47 walipoteza maisha. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema bwawa halikuwa na kibali. Seneti iliunda kamati ya uchunguzi. Kesi ilifunguliwa, ikatupwa mwaka 2020, kisha ikarejeshwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Somo nililotoka nalo wakati ule lilikuwa jepesi, na wengi tulitoka nalo: tajiri juu, maskini chini, na katikati ofisi iliyofumba macho. Silikani somo hilo, ila nimeona kwamba halitoshi. Linatuambia wa kulaumiwa ni nani maji yakishamwagika. Halielezi kwa nini bwawa linaweza kukaa miaka mingi likionekana zima, mbele ya macho ya watu wenye akili zao, hadi siku linapoondoka na watu. Miaka sita kati ya Solai na Mai Mahiu imenipa nafasi ya kuyafuatilia mabwawa mengine yaliyopasuka kabla ya hayo, kwenye ripoti na vitabu, na kila nilipozidi kuyasoma ndivyo lawama ya tajiri na maskini ilivyozidi kupungukiwa na nguvu ya kueleza.

Ninachoamini sasa ni hiki: bwawa dogo la udongo huwa la hatari zaidi pale kazi yake inapokwisha na hati yake inapobadilisha mikono. Bwawa lenye kazi lina watu wanaolihitaji. Lambo la wafugaji hutembelewa kila siku. Tuta likimeguka, habari hufika kijijini kabla ng'ombe hawajarudi zizini. Bwawa la kinu, la umeme au la umwagiliaji lina mtu anayelipwa kufungua na kufunga koki, na tajiri wake hupoteza fedha kila maji yanapopotea. Kazi ile ikiisha, kinu kikifungwa, shamba likauzwa vipande vipande au umeme wa gridi ukafika, bwawa halibomolewi. Linabaki pale likiwa zuri, na bata wake na perege wake, na mnunuzi mpya analiona kama mandhari: mahali pa kutupa ndoano, kupiga kasia, kuchoma nyama Jumapili na kupandisha bei ya viwanja vilivyolizunguka. Katika macho ya watu bwawa limestaafu. Maji hayana habari hiyo, yanalisukuma tuta usiku na mchana kwa nguvu ileile ya enzi za kinu. Aliyestaafu ni mlinzi.

Neno "dogo" lenyewe ndilo linaloanza kutudanganya. Chukua bwawa la hekta moja lenye kina cha wastani wa mita 2. Hizo ni mita za ujazo 20,000, na kila mita ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ni kama malori 2,000 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa kilimani, yakizuiwa na rundo la udongo. Chini ya sheria ya mabwawa ya Uingereza ya mwaka 1975, kwa upande wa England, bwawa hilo halifikii hata kiwango cha kusajiliwa, maana mpaka uliowekwa ni mita za ujazo 25,000. Wales wao wameushusha hadi 10,000. Na udongo, tofauti na zege, hauvumilii maji kupita juu yake. Yakivuka ukingo, hata kwa kina cha kiganja cha mkono, huanza kuukata upande wa chini wa tuta, na kila bonge linalong'oka huyafungulia njia maji mengine. Ndiyo maana bwawa la udongo huchimbiwa utoro, yaani mfereji mpana pembeni, chini ya kimo cha tuta, wa kuyatorosha maji ya mafuriko kabla hayajafika juu.

Kifo cha pili cha tuta huanzia ndani. Maji hupenya kando ya bomba bovu, kwenye tundu la panya, kichuguu au mzizi wa mti uliooza, yakibeba chembe za udongo moja baada ya nyingine. Anayejua mabwawa huenda chini ya tuta, akainama, akakinga maji yanayochuruzika kwenye glasi au chupa isiyo na rangi, akaiinua kwenye mwanga. Maji yakiwa maangavu, tuta linatoka jasho tu; ataweka alama pale na kurudi kupima kama mchirizi unaongezeka. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, tuta linaliwa kutoka ndani, na kinachotakiwa ni kuanza kuyapunguza maji ya bwawa siku hiyohiyo. Methali yetu ya kuziba ufa haifai sana hapa, kwa sababu ufa wa tuta ukizibwa upande wa nje kwa matope, maji hutafuta pengine pa kutokea. Dawa ni kuyashusha maji kwanza, kisha ndipo mafundi waitwe. Ukaguzi wa namna hii hauhitaji chombo cha bei. Unahitaji mtu wa kuinama, na huyo ndiye wa kwanza kuondoka bwawa linapogeuka mahali pa starehe.

Kisa ninachokirudia zaidi ni cha South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Tuta lake la udongo, lenye kimo cha mita 22 hivi, lilijengwa na serikali ya jimbo ili kuupatia maji mfereji wa mashua wakati wa kiangazi, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850. Reli ilifika karibu wakati uleule na mfereji ukakosa kazi. Mwaka 1857 bwawa liliuzwa kwa kampuni ya reli, ambayo haikuwa na kazi kubwa nalo. Mwaka 1862 lilibomoka kwa sehemu, likaachwa hivyo. Mwaka 1875 likanunuliwa na mtu mmoja, na katika mikono yake mabomba ya chuma yaliyopita chini ya tuta yakang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1879 likaingia mikononi mwa klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, ambayo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama wake. Tazama safari ya hati ile. Serikali iliondoka na sababu ya bwawa kuwepo, kampuni ya reli ikaondoka na matengenezo, mnunuzi wa tatu akaondoka na mabomba. Klabu ilipokabidhiwa ziwa lake zuri, ilikabidhiwa bwawa ambalo hakuna binadamu aliyeweza kulipunguza maji kwa hiari yake, na hakuna karatasi ya mauzo iliyosema hivyo.

Klabu ililikarabati bwawa kwa jicho la starehe. Tuta lilishushwa kimo ili barabara ya juu yake iwe pana na magari ya farasi yapishane. Kwenye utoro ziliwekwa nyavu za chuma ili samaki waliopandikizwa wasitoroke na maji. Mwaka 1880 kampuni kubwa ya chuma ya Johnstown, mji uliokuwa kilomita 23 chini kwa kufuata bonde, ilimtuma mhandisi wake kwenda kuangalia. Akaandika kwamba bwawa halina bomba la kulipunguzia maji na kwamba pale palipobomoka hapakurudishiwa inavyostahili. Mkuu wa kampuni hiyo alijitolea hata kuchangia gharama. Klabu ikajibu kwamba watu wa bondeni hawakuwa na la kuogopa. Asubuhi ya tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, rais wa klabu aliamka akakuta ziwa limekaribia ukingo. Alipeleka vibarua wakaliinue tuta kwa majembe, wachimbe utoro wa pili, waziondoe nyavu. Nyavu zilikuwa zimeshashonwa na matawi na takataka, zikagoma. Alasiri tuta likaondoka, na watu 2,209 wakafa. Katika kisa hiki kuna jambo ambalo lawama ya tajiri na maskini haiwezi kuliona: mtu aliamka, na alikuwa na vibarua na saa kadhaa za kufanya kazi. Alichokosa ni bomba lililouzwa kwa kilo zaidi ya miaka kumi kabla, na kimo cha tuta kilichotolewa sadaka kwa ajili ya magari ya farasi.

Johnstown inaweza kuonekana mbali na kubwa mno. Toccoa, katika jimbo la Georgia, iko karibu zaidi na mabwawa tunayoyapita barabarani. Bwawa la Kelly Barnes lilianza mwaka 1899 kama kizuizi cha mbao na mawe kwa ajili ya umeme. Chuo cha Biblia kilicholimiliki baadaye kikalifunika na kuliinua kwa udongo, hadi tuta likapita mita 11. Umeme wake ulikoma mwaka 1957, na tangu hapo likawa ziwa la kuvulia samaki na kupumzikia, likikaa juu ya maporomoko ya mita 57. Saa saba na nusu usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 lilipasuka, maji yakaruka maporomoko yale na kuangukia makazi ya chuo hichohicho, na watu 39 wakafa. Wachunguzi hawakuweza kutaja chanzo kimoja. Walikuta dalili nyingi zilizoishi pamoja kwa miaka: upande wa chini wa tuta ulikuwa mkali mno, miti ilikuwa imeota juu yake, bomba la zamani lilikuwa limezikwa ndani, na picha ya mwaka 1973 ilionyesha sehemu ya mteremko ikiwa imeshaporomoka. Miaka minne picha ile ilikuwepo, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitazama.

Wanaotetea mabwawa ya binafsi hupenda kusema kwamba mwenye mali hawezi kujiangamiza, kwa hiyo maslahi yake mwenyewe ni ulinzi tosha. Toccoa inalijibu hilo. Mwenye bwawa alikuwa analala chini ya bwawa, na waliokufa walikuwa watu wake. Hawakuwa wabaya wala hawakuwa na tamaa ya fedha, kwa kuwa bwawa halikuwaingizia kitu. Walilizoea tu, kama mtu anavyozoea nyufa za ukuta wa chumba chake. Baada ya msiba ule Rais Jimmy Carter, mzaliwa wa jimbo hilohilo, aliamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu na yenye watu chini yake yakaguliwe. Takriban 9,000 yalikaguliwa, na karibu theluthi moja yakaonekana si salama. Theluthi moja ni kubwa mno kuwa orodha ya watu waovu. Ilikuwa picha ya kile kinachotokea kwa mali yoyote ambayo haiingizi kitu na haidai kitu, mpaka siku inapodai yote kwa pamoja.

Mwendo huohuo ulijirudia katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Bwawa la Kaloko lilijengwa mnamo 1890 kwa ajili ya mashamba ya miwa. Sukari ikapungua, ardhi ikapita mikono hadi kwa wamiliki wasioyahitaji maji yale kwa kilimo, na tarehe 14 Machi 2006 likapasuka na kuua watu saba. Uchunguzi huru ulisema ushahidi ulionyesha kwamba utoro ulikuwa umefukiwa, ukailaumu pia serikali ya jimbo kwa kutolikagua, na mmiliki mwishowe hakulipinga shtaka la kuhatarisha maisha. Afrika Mashariki nayo ina kisa chake cha kustaafu, ingawa si cha mtu binafsi na hakikuishia kwa kupasuka. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama akiba ya maji ya kunywa ya mji, likawa baadaye ziwa la mashua za tanga, na leo ni gugumaji na taka kando ya Kibera, huku ardhi yake ikigombaniwa. Kazi, kisha starehe, kisha kutelekezwa: hatua ni zilezile, na kati ya kila hatua na inayofuata kuna makabidhiano ambamo hakuna aliyekabidhi jukumu.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba bwawa la Solai lilikuwa ndani ya shamba lililokuwa likizalisha, kwa hiyo nadharia yangu ya kustaafu inavuja mahali pale pale nilipoanzia. Ni kweli, na nalikubali pingamizi hili kwa sababu linanilazimisha kuisema hoja kwa ukamilifu. Bwawa linahitaji macho mawili. Jicho la ndani ni la mtu anayeyahitaji maji, naye huona yakipungua upesi kuliko anavyoona yakizidi. Jicho la nje ni la mtu asiye na faida yoyote katika maji yale, anayeweza kusema bwawa lishushwe hata kama mahindi yatakauka au boti zitakaa kwenye tope. Solai, kwa maelezo ya mamlaka yenyewe kuhusu kibali, lilikosa jicho la nje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bwawa bila daftari halipotei, linapoteza wengine. South Fork lilipata jicho la nje mwaka 1880 likalifukuza. Toccoa lilipoteza la ndani umeme ulipokoma, na la nje halikuwahi kuwepo. Na tuta la reli la Mai Mahiu halikuwa na lolote, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba siku tundu la chini litakapoziba, atakuwa mwenye bwawa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwetu kwa sababu linasemwa kwa unyenyekevu: mvua ni kudra, na kazi ya Mungu haina makosa. Baada ya Johnstown mahakama zilifuata njia hiyo kwa lugha ya kisheria, na hakuna mwathirika aliyeishinda klabu. Ripoti ya wahandisi iliyotoka mwaka 1891 ilisema tuta lingezidiwa hata kama lingekuwa kama lilivyojengwa mwanzoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, baada ya bonde kupimwa upya kwa vyombo vya kisasa, ulifikia kinyume chake: lingebaki na kimo chake na njia zake zote za kutolea maji, lingeistahimili mvua ile. Mvua ni ya Mungu, lakini utoro una mwenyewe. Sheria ya Kiingereza ilikuwa imeliona hilo mapema. Mwaka 1860, huko Lancashire, maji ya bwawa jipya la mwenye kinu yalipenya kwenye mashimo ya mgodi wa kale na kuufurikisha mgodi wa jirani yake. Mwenye kinu mwenyewe hakuwa amezembea. Aliwaachia kazi mafundi. Hata hivyo, mwaka 1868, katika shauri la Rylands na Fletcher, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba anayekusanya katika ardhi yake kitu kinachodhuru kikitoroka, anabeba madhara yake. Kenya na Tanzania zilirithi msingi huo. Udhaifu wake ni kwamba unaanza kazi maji yakishatoroka, na unamkamata mwenye uwezo wa kulipa tu. Klabu ya South Fork haikuwa na mali ya kutosha kushtakiwa, zaidi ya bwawa ambalo halikuwepo tena.

Wapo pia wanaouliza: na waliojenga bondeni baada ya bwawa kuwepo, nao si wa kulaumiwa? Bwawa la shamba lililochimbwa porini leo linaweza kuwa na mtaa mzima chini yake baada ya miaka ishirini, bila mwenye shamba kuongeza hata ndoo moja ya maji. Hapa nakubali kwamba lawama haiwezi kuwa ya mmoja. Aliyegawa viwanja kwenye njia ya maji na kuvipa hati anabeba sehemu yake. Lakini kugawana lawama hakupunguzi wajibu wa mwenye bwawa, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeweza kuyashusha maji. Funzo la kweli la pingamizi hili linawahusu wapimaji: bwawa lisiwekwe kwenye daraja la hatari kwa kimo chake pekee wala kwa ujazo wake pekee. Lipimwe kwa hesabu ya wanaolala chini yake, na hesabu hiyo irudiwe kila baada ya miaka michache, maana watu huongezeka hata pale tuta lisipoongezeka hata inchi.

Pingamizi la gharama ndilo linalonigusa zaidi. Ukiyatungia mabwawa yote sheria kali, utamwumiza mfugaji wa Dodoma au Kajiado anayetegemea lambo la kijiji, kabla hujamgusa mwenye ziwa la boti. Afrika Kusini imejaribu njia ya kati. Chini ya sheria yake ya maji ya mwaka 1998, bwawa lenye ukuta unaozidi mita 5 na ujazo unaozidi mita za ujazo 50,000 husajiliwa kama lenye hatari, kisha huwekwa katika madaraja matatu kwa kutazama ukubwa pamoja na madhara yanayoweza kutokea, na masharti hupanda kwa daraja. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na Bodi za Maji za Mabonde zinazotoa vibali. Kenya ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016 na mamlaka yake. Kwa hiyo hatuanzi na karatasi tupu. Kinachokosekana ni kumtofautisha mwenye haja na mwenye anasa. Lambo la wafugaji lina macho ya kila siku na lastahili mhandisi wa serikali bila malipo. Ziwa la starehe halina macho hayo, na mwenye uwezo wa kununua boti anao uwezo wa kumlipa mhandisi aje mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Na kazi nyingi za mwanzo ni za panga na jembe: kung'oa miti ikingali miche, kuuzibua utoro, kufukia matundu, kufungua bomba angalau mara mbili kwa mwaka ili lisigande.

Ndipo narudi kwenye swali la umiliki. Hati ya ardhi inataja mipaka na eneo, wala haina neno juu ya tani za maji zinazoegemea udongo ndani ya mipaka hiyo. Ningependa hati ya kiwanja chenye bwawa isihamishwe bila karatasi ya pili: ripoti ya mhandisi, jina la mtu anayewajibika usiku wa mvua, na bima au dhamana inayobaki hai hata klabu ikivunjika au mwenyewe akifa na warithi wakagombana. Mnunuzi naye, kabla hajauliza kama kuna samaki, aulize bomba la kupunguzia maji liko wapi na lilifunguliwa lini mara ya mwisho, utoro umewahi kupitisha mvua kubwa kiasi gani, na nani wanalala chini. Anayeuza akishindwa kujibu, bei ya mandhari ile haijajulikana bado. Asiyeweza kulitunza bwawa anayo njia nyingine ya heshima, nayo ni kulifungua: wakati wa kiangazi, kwa usimamizi wa mhandisi na kibali cha mamlaka, maji yakishushwa kidogo kidogo hadi tuta likatwe na mto urudi ulikokuwa. Tunaiona njia hiyo kama kushindwa, kwa sababu bwawa ni ishara ya maendeleo na ziwa ni ishara ya ukwasi. Lakini huko Toccoa bwawa halikujengwa tena. Na South Fork leo ni eneo la kumbukumbu la taifa: mabega mawili ya tuta yamebaki yamesimama, na katikati yake, pale palipokuwa na maji ya klabu, kijito kinapita kikienda zake.